Fizi za Maalim Chande

Video yenyewe ilikuwa ya sekunde arobaini tu, lakini Ummi aliirudisha mara tano. Ndani ya simu, mwanamke amelazwa kwenye kiti cha daktari wa meno, amevishwa miwani ya rangi ya chungwa kama fundi wa kuchomelea mageti, halafu kijiti chembamba mfano wa kalamu kinampitia juu ya fizi, tss, tss, na ile nyama iliyovimba inaondoka taratibu kama mtu anayefuta ubao. Damu hakuna. Hata tone.

"Hiyo ndiyo leza, Baba," Ummi alisema. "Mtu anaingia asubuhi, mchana yuko kwake anakunywa uji."

Maalim Chande alikuwa ameketi kwenye kitanda cha kamba nyuma ya nyumba, leso ya mkononi ameiweka mdomoni kama kawaida yake siku hizi. Aliisogelea simu, akaitazama kwa makini ileile aliyokuwa akizitazamia karatasi za mtihani wa madrasa.

"Na huo moshi?"

"Ni nyama inaungua kidogo tu."

"Kumbe natengenezwa mshikaki."

Zainabu, mkewe, alikuwa anakuna nazi pembeni. Alicheka mpaka mbuzi aliyoikalia ikamcheza. Maalim naye alitaka kucheka, akakumbuka mdomo wake, akairudisha leso mahali pake. Zainabu aliona, na kicheko kikamkauka.

Miezi minane sasa fizi za Maalim zilikuwa zinaota. Si kuvimba kwa jino bovu, ukasukutua kwa maji ya chumvi, kukaisha. Zilikuwa zinateremka baina ya meno, nyekundu, nene, mpaka meno ya mbele yakaonekana mafupi kama ya mtoto wa darasa la pili. Ukizigusa na mswaki, damu. Akitafuna muhogo, damu. Watoto wa madrasa walikuwa wameanza kutazamana wakati akiwasomea, na mmoja alipoigiza mdomo wa Maalim nyuma ya mlango wenzake walicheka kwa kujificha, jambo ambalo ni baya kuliko kucheka waziwazi.

Yote hayo angeyavumilia. Lakini Ijumaa iliyopita, akiwa anaswalisha Magharibi pale msikitini Bodo, katikati ya sura alihisi chumvi ulimini. Kumeza damu ndani ya swala haiwezekani, kutema nako huko mbele ya watu haiwezekani. Akapitisha mkono wa kanzu mdomoni na kuendelea. Swala ikaisha salama. Alipogeuka kutoa salamu, safu nzima ya mbele iliuona mkono wa kanzu, mweupe wa Ijumaa, na ule mstari mwekundu. Siku ya pili wazee wa msikiti walikuja nyumbani, wakanywa kahawa, wakasema wamefikiria Ramadhani hii kijana Nassir amsaidie Maalim kwenye tarawehe. Ramadhani ilikuwa imebakisha wiki nne. Miaka kumi na minane Maalim Chande ameswalisha tarawehe Bodo, na hakuwahi kusaidiwa hata rakaa moja.

Kusaidiwa. Hilo neno lilimkaa kooni kuliko damu.

Basi Ummi, ambaye anauza vikoi kwenye duka la hoteli Diani na simu haimtoki mkononi, akaichukua ile video akairusha kwenye kundi la wazazi wa madrasa. Hakuomba. Aliandika tu kwamba babake anafikiria matibabu haya. Mpaka jioni wazazi walikuwa wameshachanga. Huyu mia mbili, yule elfu, mvuvi mmoja wa Funzi akaandika, "Maalim alinifundisha bure, nami nalipa leo." Kwa siku tatu ikafika elfu thelathini na nane.

"Sasa hata nikitaka kukataa siwezi," Maalim alisema.

"Kwani wataka kukataa?" Zainabu aliuliza.

Maalim aliikunja leso upande usio na doa. Akasema hapana, hataki kukataa. Anataka kusimama mbele ya watu mdomo ukiwa mdomo.

* * *

Sasa kuna jambo ambalo hata Ummi hakulijua, na jambo lenyewe lilikuwa ndani ya mkebe wa majani ya chai, juu ya kabati, upande wa Zainabu.

Vidonge vya presha.

Kadi ya kliniki ilikuwa na jina la Zainabu. Kila mwezi alikwenda Msambweni, akapanga foleni, akapimwa, akapewa vidonge vya siku thelathini. Vikifika nyumbani vilimezwa na Maalim.

Ilikuwa hivi. Maalim Chande ni mtu wa kombe. Watu hutoka Bodo, Shirazi, mpaka Ramisi, kuja kuandikiwa aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, wakaoshewa maandishi kwa maji ya marashi, wakayanywa. Na nusu ya wanaokuja siku hizi ni watu wa presha. Miaka miwili nyuma, kichwa kilipomshika Maalim mpaka akashindwa kusimama, mwenye duka la dawa alimpima na kumwambia akajiandikishe kliniki siku hiyo hiyo. Maalim akakataa katakata. Alisema hawezi kupanga foleni benchi moja na watu anaowaandikia. Watasema nini? Kwamba dua anauza, dawa anameza?

Zainabu alikuwa ameshajiandikisha, kwa presha yake mwenyewe. Akampa mumewe vidonge vyake. Maalim akavikataa pia, akasema hawezi kula dawa ya mgonjwa. Ndipo Zainabu akasema uongo mmoja, mdogo kama punje ya mtama.

"Mimi yangu imepoa, Baba Ummi. Lile kombe lako limenifaa. Hivi vinabaki tu."

Uso wa Maalim ulikunjuka kwa namna ambayo Zainabu hajaisahau. Akasema alhamdulillahi mara tatu. Akameza.

Toka siku hiyo Zainabu aliishi na kichwa chake kama mtu anayeishi na mpangaji mgomvi. Siku mbili tatu kabla ya kliniki alimeza kidonge kimoja kimoja, ili akipimwa isije ikaruka sana. Iliruka vivyo hivyo. Sista Mapenzi, muuguzi wa pale, alikuwa akimuuliza, "Mama, unameza kweli?" Naye akijibu anameza. Mwisho Sista akaongeza nguvu ya dawa, kidonge kikawa kikubwa kidogo. Hiyo nayo akaipeleka nyumbani.

* * *

Kliniki ya meno ilikuwa Diani, ghorofani, na ngazi zake zilikuwa na vigae vinavyong'aa mpaka Zainabu akavua viatu mlangoni kwa mazoea. Msichana wa mapokezi akamwambia kwa upole avae tu, Mama, hapa hatuvui. Watu wawili waliokuwa wamekaa waliinua macho kutoka kwenye simu zao. Zainabu akavivaa akiwa ameinama, na mikanda ikamshinda kufunga.

Mlango wa ndani ulifunguka, akatoka kijana mwenye mavazi ya kijani na barakoa. Aliishusha barakoa, akapiga hatua za haraka, akainama kuubusu mkono wa Maalim.

"Shikamoo, Maalim. Ni mimi Luqman. Luqman wa Bodo, wa viboko vya Juzuu Amma."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe umekuwa mkubwa hivi."

"Kwa dua zako, Maalim."

Zainabu alifurahi kumwona, halafu akawaza. Huyu kijana atakuwa ndani ya chumba.

Akawa ndani kweli. Daktari mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, Daktari Jemima, mtu wa Kinango, sauti nzito, kucha fupi. Alimlaza Maalim, akawasha taa, akamtazama fizi moja baada ya nyingine bila haraka, akimtajia Luqman namba za kuandika. Ummi alikuwa amesimama karibu na dirisha, simu tayari, akauliza kama anaweza kupiga picha ya kabla, ili baadaye iwekwe na ya baada. Daktari alimwambia angoje kwanza.

Kisha akakivuta kiti chake mpaka mbele ya Maalim.

"Mmekuja kwa ajili ya leza."

"Ndiyo, Daktari," Ummi alijibu kabla ya babake.

"Tunayo. Ni nzuri. Inakata na inafunga mishipa midogo palepale, kwa hiyo damu ni kidogo, na mara nyingi hakuna kushonwa. Lakini ni kifaa, Maalim, si muujiza. Utadungwa sindano ya ganzi vilevile. Utaumwa siku mbili tatu. Bei yake ni kubwa kuliko kisu, na kuna midomo mingine kisu kinaifanya kazi hiyo hiyo vizuri tu. Mimi siuzi leza. Natazama mtu, kisha naamua."

Maalim aliitikia kwa kichwa. Alipenda watu wanaosema hivyo.

"Sasa kinachonisumbua ni hiki. Hizi fizi zimeota zenyewe, kote, juu na chini. Kuna sababu. Nikikata bila kujua sababu zitaota tena, na pesa yenu imekwenda na maji. Una sukari?"

"Sina."

"Kifafa, uliwahi kupewa dawa zake?"

"La."

"Presha? Maana kuna dawa ya presha, ile inayotumiwa na watu wengi, kwa baadhi yao huotesha fizi namna hii hii."

Luqman alikuwa na kalamu juu ya karatasi, kichwa ameinamisha kwa adabu, anangoja jibu la mwalimu wake kama zamani alivyongoja aya inayofuata. Zainabu alimtazama mumewe. Maalim alitazama taa.

"Sina dawa ninayotumia," alisema. "Mimi ni mtu wa dua."

"Dua hatuikatai. Nauliza vidonge."

"Sina."

Daktari Jemima akamgeukia Zainabu. "Mama?"

Hapo ndipo ilikuwa nafasi. Neno moja tu, na lingetoka. Lakini mbele ya Luqman? Luqman ambaye mamake mwenyewe anakuja nyumbani kunywa kombe la presha kila baada ya wiki mbili? Zainabu akasema kama alivyosema mumewe. Hakuna vidonge.

Wakapewa siku, Alhamisi ya wiki ya pili. Kwanza Maalim asafishwe meno, ukoga wote utolewe, na Luqman akamwonyesha namna ya kupiga mswaki taratibu pembezoni mwa fizi, akimshikia kioo kwa mikono miwili. Maalim alifuata kama mwanafunzi. Ummi alikuwa ameshaanza kuandika kwenye kundi la wazazi kwamba leza imepatikana, ni Alhamisi, inshallah.

* * *

Zainabu hakusikia chochote cha maana siku hiyo ila sentensi moja. Kuna dawa ya presha huotesha fizi.

Aliigeuza kichwani wakati wa kupepeta mchele, wakati wa kufua, wakati wa kutoa salamu za swala. Basi ni yeye. Ni mkono wake huu unaompelekea mumewe kidonge na glasi ya maji kila alfajiri. Ni yeye aliyeuharibu mdomo wa Maalim Chande. Na ile dawa kubwa aliyoongezewa na Sista, si ndiyo ilianza miezi minane iliyopita? Alihesabu kwa vidole. Ndiyo ilianza.

Kumwambia Daktari kulimaanisha kumvua mumewe nguo mbele ya Luqman. Kumwambia mumewe kulimaanisha kumwambia na lile lingine, kwamba yeye hakupona kamwe. Alitafuta njia ya tatu, akaipata, na ilikuwa rahisi mno mpaka akajiona mjinga kwa kutoifikiria mapema. Atasimamisha vidonge. Fizi zitarudi zenyewe kidogo, leza itamalizia, hazitaota tena, na hakuna atakayeaibika.

Asubuhi ya Ijumaa alimpelekea Maalim maji peke yake.

"Kidonge kiko wapi?"

"Kliniki wamesema kipumzishwe," alisema. "Ati mwili ukizoea, hakina haja."

Maalim aliishika glasi, akafikiri. Kisha akatabasamu, mdomo umefumbwa. "Kama wewe," alisema. "Imepoa kama yako." Na jioni ile alijiandikia kombe mwenyewe, jambo asilolifanya siku nyingi, akalinywa akiwa ameelekea kibla, na Zainabu aliyekuwa mlangoni na beseni la nguo aligeuka akarudi alikotoka.

Siku ya kwanza hakuna kitu. Ya pili hakuna kitu. Ya tatu Maalim alimkaripia mtoto kwa kosa dogo, akamtoa nje, na si desturi yake. Ya kumi na moja alisema kichwa kinamgonga kisogoni, labda jua. Zainabu alimkanda kwa mafuta ya nazi, na chini ya vidole vyake alihisi mshipa wa shingo ukipiga. Alitaka kukimbilia mkebe. Akajiambia siku tatu tu zimebaki. Daktari akishakata, Ijumaa asubuhi anavirudisha. Siku tatu mtu hafi.

Hivyo ndivyo alivyojiambia, na kila baada ya saa moja alitoka kwenda kumchungulia madrasani. Alisimama nyuma ya ukuta wa makuti kama mtu aliyepoteza kuku. Akiisikia sauti ya mumewe inasoma, anarudi jikoni. Isipomfikia haraka, anasogea hatua mbili mbele. Jirani alimuuliza anatafuta nini. Alisema anatafuta kuku.

Jumatano Maalim alimwita. Alikuwa mbele ya ubao, chaki mkononi, watoto wameshaondoka.

"Mama Ummi, hebu tazama hii herufi. Nimeiandika mara mbili?"

Ilikuwa imeandikwa mara moja.

"Macho yamechoka," Zainabu alisema. Sauti yake mwenyewe ilimtisha.

Usiku huo Ummi alipiga simu kutoka Diani, amejaa furaha. Kundi la wazazi halilali, wanataka video moja kwa moja, yeye amewaambia watapata picha ya kabla na ya baada. Mpaka Nassir, yule kijana wa tarawehe, ameandika dua ndefu. Alimuuliza mamake mbona kimya. Zainabu alisema ni mtandao.

* * *

Alhamisi, Daktari Jemima alikuwa ameshatandaza vifaa. Mashine ya leza ilikuwa ndogo kuliko Zainabu alivyoitarajia, kama redio ya mezani, na kile kijiti chake kimening'inia ubavuni. Luqman alimvisha Maalim ile miwani ya rangi ya chungwa kwa upole, akaiweka sawa chini ya kofia. Maalim alionekana kama bibi harusi wa kiume anayepambwa. Ummi alicheka, akapiga ile picha ya kabla.

"Tunapima presha kwanza," Daktari alisema. "Kila mtu anapimwa kabla ya ganzi."

Luqman akafunga mkanda. Mashine ikavuma, ikajaza, ikapumua. Namba zikatokea. Luqman alizitazama, akamtazama Daktari, na hakuzisoma kwa sauti. Daktari akasema pima tena, mkono wa pili. Zikatokea zilezile, na juu yake kidogo. Mia moja tisini na sita, kwa mia moja na kumi na nane.

Daktari Jemima mwenyewe aliitoa ile miwani usoni mwa Maalim.

"Leo hakuna leza," alisema. "Leo hakuna hata sindano. Maalim, kichwa kinauma?"

"Kidogo."

"Unaona vizuri?"

Maalim alifikicha macho.

"Baba, mtu mwenye namba hizi nikimdunga ganzi hapa anaweza kunianguka mkononi. Nakuuliza mara ya pili, na nakuomba jibu la kweli. Kuna dawa ulikuwa unatumia?"

"Nimeshakwambia, Daktari."

"Alikuwa anatumia," Zainabu alisema.

Hakujua kama amesema kwa sauti mpaka alipoona vichwa vyote vimegeuka. Basi akaendelea, maana mtu akishaingia majini mpaka kiunoni hana sababu ya kukunja nguo. Alisema ni za presha. Miaka miwili. Kwamba amezikatiza yeye, siku ya kumi na nne leo, kwa sababu Daktari alisema zinaotesha fizi. Alisema Maalim hakujua kwa nini. Alisema kosa ni lake. Maneno yalimtoka kwa kasi na akiwa amekitazama kile kijiti cha leza, hakuweza kutazama mahali pengine.

Luqman aliiweka kalamu mezani. Akasema anakwenda kuleta maji, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake pole pole. Maji hakuleta, na hakuna aliyeyangoja.

"Mama," Daktari Jemima alisema, na sauti yake haikuwa ya ukali, jambo lililomuumiza Zainabu zaidi. "Dawa ya presha haikatwi kwa siri. Ungeniambia, ningeandika barua ya mistari mitatu, wambadilishie aina nyingine. Zipo ambazo hazigusi fizi. Basi."

"Barua?" Zainabu aliuliza. "Barua tu?"

"Barua tu."

Akaiandika hapo hapo. Alieleza taratibu: waende Msambweni sasa hivi, si kesho. Presha ishushwe, dawa ibadilishwe, meno yaendelee kusafishwa. Baada ya miezi mitatu arudi. Fizi za wengine hurudi zenyewe bila kuguswa. Zikibaki, ndipo wataketi kuamua leza au kisu, na huenda kazi ikawa ndogo mpaka leza isiwe na maana ya kugharimiwa.

"Miezi mitatu," Maalim alisema. Ndilo neno lake la kwanza tangu mkewe aseme. Kila mtu mle ndani aliisikia Ramadhani ikipita.

* * *

Njia nzima ya kwenda Msambweni Maalim hakumsemesha mkewe. Alimsemesha Ummi mara moja, pale simu ilipokuwa inatetema bila kukoma na binti yake akauliza, karibu kulia, wazazi awaambie nini. Alisema awaambie Maalim hakukatwa, pesa zao ziko salama, na sababu atawaeleza kwa mdomo wake huu huu.

Ilikuwa siku ya kliniki. Benchi la presha lilikuwa limejaa kutoka mlangoni mpaka kwenye bomba la maji, na Zainabu, ambaye alizijua nyuso zote, alitamani sakafu ipasuke. Hata hawajakaa, Mama Kadzo wa Shirazi alikuwa ameshasimama kumpisha Maalim. Huyu alikuwa amekunywa kombe Jumapili iliyopita.

"Shikamoo, Maalim. Umekuja kuona mgonjwa?"

Jibu lilikuwa limeshaandaliwa, tayari, limewekwa mezani. Angesema ndiyo tu. Zainabu alifumba macho.

"Marahaba. Mgonjwa ni mimi," Maalim alisema.

Mama Kadzo alibaki amesimama. Benchi zima lilikuwa linasikiliza huku likijifanya linatazama ukuta. "Na wewe, Maalim?"

"Na mimi. Keti, mamangu, nitangoja zamu."

Hakungoja. Sista Mapenzi aliisoma ile barua, akamwita ndani kabla ya wote, akampa kidonge cha kuanzia, akamkalisha kwenye kiti cha kupimia. Ummi alibaki mlangoni na mfuko. Sista akauliza kadi. Maalim aliingiza mkono kwenye mfuko wa kanzu, akaitoa ile kadi ya kijani aliyokabidhiwa na Zainabu pale nje, akaiweka mezani.

Sista aliigeuza. "Hii ni ya Mama Zainabu."

"Ndiyo hiyo hiyo. Dawa zake ndizo nilizokuwa nikimeza."

"Zote?"

"Zote."

Sista Mapenzi alifungua kadi, akapitisha kidole chini ya zile namba za mwezi baada ya mwezi, zote za juu, mwandiko wake mwenyewe. Kidole kilisimama pale alipoongeza dawa.

"Kumbe nilipomwongezea yeye, nilikuwa nakuongezea wewe." Akainua kichwa. "Sasa kama vidonge umemeza wewe, mama alikuwa akimeza nini?"

"Yeye alishapona," Maalim alisema upesi. "Zamani. Kwa..." Kwa mara ya kwanza tangu Diani akageuka kumtazama mkewe, aliyekuwa amesimama karibu na mizani, mkono mmoja umeshika ukuta. "Si ulipona, Mama Ummi?"

Zainabu alikuwa na miaka miwili ya kulifikiria jibu hilo.

"Sikupona, Baba Ummi. Nilikwambia vile ili umeze."

Nje mtu alikohoa. Feni ilikuwa inazunguka juu yao kwa mlio wake wa kukwaruza. Maalim alikaa na mkono wake umelala juu ya meza, kiganja juu, tayari kwa kufungwa mkanda, na macho yake yalikuwa kwenye zile namba za kadi, anazisoma moja moja kutoka juu mpaka chini. Alipofika mwisho akaanza tena.

Kisha akasimama. Akaukusanya mkono wa kanzu, akakivuta kiti mpaka alipokuwa Zainabu, akamshika kiwiko, akamkalisha.

"Mpime huyu kwanza," alisema.

Sista Mapenzi alizunguka meza. Mkono wa buibui ulikuwa mwembamba, haukupanda, Maalim akasaidia kuukunja, mkunjo kwa mkunjo, mpaka juu ya kiwiko. Mkanda ukafungwa, mashine ikaanza kuvuma na kukaza. Zainabu alifungua mdomo kuanza kuomba radhi. Sista akamzuia, akasema mtu akiwa anapimwa presha hasemi na wala hasemeshwi.

Basi hakuna aliyesema. Wote watatu, yeye ameketi, wao wamesimama, walingoja namba.